Mapato ya forodha ya Maskati: mbona tarakimu hazitikisiki?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu fedha za dola ya Maskati, huko Omani, kati ya 1860 na 1914. Nimekusanya tarakimu za mapato ya forodha, lakini zinanitatiza. Miaka kadhaa mfululizo zinabaki zilezile, ilhali thamani ya bidhaa zilizoingia bandarini inapanda na kushuka. Kwa kuwa ushuru ulikuwa asilimia 5, niligawa mapato kwa kiwango hicho nipate thamani ya bidhaa, ila jibu halikaribiani na ripoti za Waingereza. Tena huku wanaandika riyali, kule rupia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kugawa umegawa sawasawa. Tatizo ni kile unachokigawa. Safu uliyoiita "mapato ya ushuru", kwa sehemu kubwa ya kipindi chako, ni kodi ya kukodisha forodha, yaani pango ambalo mkodi, mtu aliyeikodi forodha, alimlipa Sultani.

Kwa muda mrefu katika karne ya 19 Sultani wa Maskati hakukusanya ushuru mwenyewe. Forodha ilikodishwa kwa mfanyabiashara, aghalabu Banyani wa Kibhatia (jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu) mwenye asili ya Kutch, magharibi mwa India, kwa kiasi kilichokubaliwa kabla ya jahazi la kwanza la msimu kutia nanga. Ni kama daladala: dereva humpelekea mwenye gari hesabu yake, gari lijae lisijae, na kinachozidi ni cha dereva. Tarakimu yako isiyotikisika ni hesabu ya mwenye gari. Idadi ya abiria haimo humo.

Tuseme mkodi aliahidi riyali 100,000. Ukigawa kwa asilimia 5 unapata bidhaa za riyali 2,000,000. Hapo hujatia faida ya mkodi, mishahara ya makarani wake, bidhaa zilizosamehewa, zilizopita kwa magendo, wala mizigo ya mkodi mwenyewe, ambayo hakuna aliyemsimamia alipoithaminisha. Kwa kawaida basi jibu lako litakuwa chini ya biashara halisi. Mwaka mbaya linaweza kuwa juu yake, maana mkodi naye alikula hasara. Ripoti za Waingereza nazo usizishike kama msahafu: ofisi yao haikuendesha forodha ile, na daftari zilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kutangaza faida yake.

Hiyo asilimia 5 yenyewe haikuwa hiari ya Sultani. Mkataba wa 1833 kati ya Seyyid Said, aliyetawala Maskati na Unguja, na Marekani uliiweka, ule wa Uingereza wa 1839 ukaifuata, kisha wa Ufaransa wa 1844. Mtawala aliyebanwa hivyo hawezi kupandisha ushuru akiishiwa. Anachoweza ni kupandisha kodi ya forodha, kwa kuwashindanisha wakodi au kumwomba aliyepo aongeze. Kwa hiyo kodi ikiruka ghafla, usikimbilie kuandika kwamba biashara ilistawi. Tazama kwanza nani alikuwa anashindana na nani, na Sultani alikuwa anadaiwa kiasi gani.

Deni ndilo linalosahauliwa zaidi. Mkodi alikuwa pia benki ya kasri: alitoa fedha mapema, akalipa hawala, akakata chake mwisho wa mwaka. Unguja, iliyokuwa chini ya ukoo uleule, inalionyesha hili waziwazi kuliko Maskati. Kampuni ya Jairam Shivji ilishika forodha ya huko kwa miongo, na Seyyid Barghash alipokalia kiti cha usultani wa Unguja 1870 alikuta inadai zaidi ya riyali nusu milioni. Katika hali hiyo kodi iliyoandikwa kwenye mkataba ni jambo moja, na fedha iliyofika mkononi mwa mtawala ni jambo jingine kabisa. Ukiandika sura ya bajeti, hiyo ya pili ndiyo unayoitaka.

Mwaka 1899 weka mstari mwekundu. Sultani Faisal bin Turki aliacha kukodisha na kuiweka forodha ya Maskati chini ya watu wake mwenyewe. Mkodi wa mwisho alikuwa Ratansi Purshottam. Tarakimu za kabla na za baada hazipimi kitu kimoja, kwa hiyo usiziunganishe kwenye grafu moja. Nimeona tasnifu zikisifu "ukuaji" ambao ni badiliko la utaratibu tu.

Sasa riyali na rupia. Riyali ni ile ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye asili ya Austria, iliyoendelea kupigwa na tarehe ya 1780 miaka yote. Madini ya fedha ndani yake ni takriban gramu 23.4, na ndani ya rupia ya India takriban 10.7, yaani karibu rupia 2.2 kwa riyali. Uthibitisho unao karibu. Baada ya uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, wa 1861 uliotenganisha Maskati na Unguja, Unguja ilitakiwa kuilipa Maskati riyali 40,000 kwa mwaka. Serikali ya India ilipobeba malipo hayo katika miaka ya 1870, ilihesabu rupia 86,400. Hiyo ni 2.16 kwa riyali.

Kiwango hicho kinakufaa hadi 1893 tu. Mwaka huo India ilifunga viwanda vyake vya sarafu kwa watu binafsi waliokuwa wakipeleka madini yao ya fedha kupigwa rupia, na mwishoni mwa muongo rupia ikatulia kwenye 15 kwa pauni moja. Riyali haikuwa na kinga hiyo, ikashuka pamoja na bei ya madini ya fedha duniani. Ukitumia 2.16 kwa mwaka 1905 utakuwa umemtajirisha Faisal kwa kalamu. Tafuta kiwango cha soko cha kila mwaka. Kisipopatikana, bakiza sarafu ya asili.

Ruzuku ya Unguja, yaani zile riyali 40,000, iweke safu yake, usiichanganye na forodha. Vivyo hivyo rupia 100,000 kwa mwaka alizopewa Sultani kufuatia ghala la silaha la 1912, ambamo bunduki zilizoingia zilitakiwa kuwekwa: hizo zilikuwa fidia ya ushuru alioupoteza Waingereza walipoibana biashara ya bunduki iliyokuwa imenona Maskati.

Mwisho, rudi kwenye kila tarakimu uulize mambo mawili. Mwaka wake ni upi? Wa Hijria una siku 354 hivi, kwa hiyo kodi kumi za Hijria hazijazi miaka kumi ya Kizungu. Na je, Gwadar imo? Bandari hiyo ya pwani ya Makran, ambayo sasa imo Pakistan, ilikuwa mali ya Maskati hadi 1958, na mahesabu mengine huijumlisha bila kusema.