Saini ya mwalimu mkuu haifundishi: jibu kwa mleta mada

Mleta mada umeuliza kama mwalimu mkuu anaweza kubadili ufundishaji, au kazi yake inaishia kusaini maandalio ya somo. Anaweza, ila si kwa saini. Andalio hunakiliwa la mwaka jana, likagongwa muhuri asubuhi, na halisemi kama watoto wa darasa la tatu wanajua kutoa 38 katika 52.

Kinachobadili ni kuingia darasani. Siku moja kabla, kubalianeni na mwalimu jambo moja tu la kutazama, kwa mfano ni watoto gani anaowauliza maswali. Kaa nyuma kipindi chote, dakika 40, usichungulie mlangoni ukaondoka. Chora madawati kwenye karatasi, weka alama kila mtoto anapojibu. Mara nyingi alama hujaa safu mbili za mbele, na mwalimu akiiona karatasi hahitaji kuhubiriwa. Kisha fungua madaftari matano, ukianza na ya waliokaa nyuma. Ukikuta vema juu ya jibu lililokosewa, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Mrejesho utolewe siku hiyohiyo, faraghani. Mwulize kwanza yeye ameonaje. Mtoke na badiliko moja, kisha urudi ndani ya wiki mbili kutazama hilohilo. Wengi hukwama hapa: hawarudi, na mwalimu anajua hawatarudi.

Linaloharibu kabisa ni kugeuza ziara hiyo kuwa ushahidi wa nidhamu. Walimu wakisikia udhaifu wa mwenzao umefika kwa Afisa Elimu Kata, ukiingia tena utafundishiwa somo lililokwisha kufundishwa jana, watoto wakinyoosha mikono yote. Hapo huoni kitu tena.

Halafu linda muda. Mstarini mkizidisha dakika 15 kila asubuhi, kwa wiki zimepotea dakika 75, karibu vipindi viwili, na asubuhi ndiko Hisabati hupangwa. Kumwita mwalimu ofisini katikati ya kipindi ni hasara ileile.

Mwenye walimu 20 hawezi kuwafikia wote peke yake. Mwalimu wa taaluma achukue nusu, na yale yanayojirudia madarasani yapelekwe kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kama tatizo ni hiyo 52 toa 38, kikao kizima kiwe cha kufunga vijiti kumikumi na kufanya mazoezi ya kukifungua kifungu kimoja mbele ya watoto, badala ya kusomeana nyaraka.