Agizo la bandari kwenye redio: nitii au nibishane?

Ndugu nahodha, nimekuelewa: uliamriwa kwa redio ubaki nangani, mwenye chombo anakusukuma uingie, nawe hujui kama sauti ile ina nguvu ya kisheria.

Sikiliza neno linalotangulia ujumbe. Kwa utaratibu wa mawasiliano ya baharini, kituo cha kuongoza meli hutanguliza alama: taarifa, ushauri, onyo au agizo. Ushauri unaupima mwenyewe. Agizo unalifuata, isipokuwa pale linapohatarisha watu, chombo au bahari, na hapo unataja sababu papo hapo, redioni, si baadaye ofisini. Kwa kawaida agizo hutaja matokeo yanayotakiwa, kama "usiingie mlangoni". Usukani na injini vinabaki mikononi mwako.

Kuna pia maelekezo ya kudumu yaliyochapishwa: mwendo wa juu kabisa, lini rubani wa bandari ni lazima, chaneli ya kusikiliza. Hayo yasome kabla hujafika. Wengi hawayasomi, kisha wanalalamika wameonewa.

Rudia agizo neno kwa neno, andika saa na maneno yake kwenye kitabu cha chombo. Hukulisikia vizuri? Omba lirudiwe, kujibu "sawa" kwa kubahatisha ni hatari.

Mwenye chombo mjibu kwa SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, sura ya V, kanuni ya 34-1: haruhusiwi kumzuia nahodha kuamua mambo ya usalama. Akishikilia, au ukitishiwa faini, tafuta wakili wa sheria za bahari kabla hujasaini chochote.