Baa au jikoni? Majibu ya chipsi mayai, nyama choma, kitimoto na supu

Toleo hili tunajibu maswali ya chakula cha baa na vibandani: kipi kinalipa kununua, kipi kinalipa kupika nyumbani, na ukikipika ufanyeje kisikuangushe.

Shikamooni. Chipsi ninazokaanga nyumbani zinalegea kabla hazijafika mezani. Nikitengeneza chipsi mayai, yai linanyonya mafuta mpaka yanachuruzika. Muuza chipsi wa mtaani kwetu ananunua viazi sokoni kama mimi. Ananizidi nini?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba. Anakuzidi raundi moja ya kukaanga. Angalia kabati la kioo la kibanda chochote: mna lundo la chipsi zilizopauka, zimeiva ila hazijapata rangi. Hizo zimeshapita kwenye mafuta mara ya kwanza. Ukiagiza ndipo zinarudishwa karaini.

Kwa watu watatu au wanne chukua kilo moja ya viazi. Kata vipande vya unene wa sentimita moja, vyote vilingane, maana chembamba kitaungua wakati kinene bado kibichi. Osha mpaka maji yasiwe meupe tena, kisha loweka dakika 20 hadi 30. Weupe ule ni wanga wa juu, na ukiuacha chipsi zinashikana na kuwahi kuwa nyeusi. Chuja, halafu kausha kwa kitambaa safi. Hatua hii ya kukausha wengi wanairuka, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: maji yanapoza mafuta, kiazi kinatokota badala ya kukaangika.

Mafuta yawe lita moja au zaidi kidogo. Raundi ya kwanza ni moto wa wastani, nyuzi 150 hadi 160. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kipande kimoja. Kikizama na kutoa mapovu madogo ya polepole, mafuta yako sawa. Kaanga dakika 5 hadi 7, mpaka kipande ukikibana kwa vidole kinapondeka kirahisi. Opoa, tandaza kwenye sinia, ziache zipoe nusu saa. Raundi ya pili mafuta yawe moto kweli, nyuzi 180 hadi 190: kipande kinaelea papo hapo na mapovu yanachachamaa. Dakika 2 hadi 3 zinatosha. Weka viganja viwili tu kwa mara moja, kwa sababu ukijaza karai joto linashuka na kiazi kinaanza kunywa mafuta. Chumvi inyunyizwe zikishatoka. Wala usizifunike, mvuke wake wenyewe unazilegeza.

Jambo jingine ni viazi vyenyewe. Vikikaa kwenye friji, wanga wake hugeuka sukari, na chipsi zinakuwa kahawia iliyokoza huku ndani hazijaiva. Viache kwenye kikapu, mahali pakavu penye giza.

Sasa zege, yaani chipsi mayai yenyewe. Kwa sahani moja tumia gramu 200 za chipsi zilizokwisha kukaangwa mara mbili, mayai mawili makubwa na chumvi kidogo. Pasha vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango cha sentimita 20, panga chipsi safu moja, zigeuze dakika moja zipate moto. Halafu inamisha kikaango umwage mafuta yanayotuama. Wauzaji wazuri hufanya hivyo, na ndiyo dawa ya yai lako linalochuruzika. Mimina mayai yaenee, usikoroge. Moto wa wastani, dakika 2. Funika kwa sahani bapa, pindua, telezesha upande mbichi urudi chini, dakika moja nyingine. Moto ukiwa mdogo, yai linakaa muda mrefu kwenye mafuta na kuyanyonya. Ukiwa mkali, nje linaungua na katikati linabaki ute.

Mimi na mwenzangu tunabishana kila mwisho wa mwezi. Yeye anasema kula nje ndiko kunakotumalizia hela, mimi nasema ukijumlisha mkaa na mafuta hakuna tofauti. Nani yuko sahihi?
*Msomaji, Dodoma*

Inategemea chakula gani na mko wangapi. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya nyama buchani na bei ya sahani mezani. Upande wa nyumbani ongeza mafuta, mkaa au gesi, ndizi, ndimu na nyanya. Upande wa baa ongeza nauli na vinywaji. Mara nyingi vinywaji ndivyo vinavyoinua bili, na chakula kinasingiziwa.

Mtu anayeishi peke yake akitaka chipsi mayai, aende kibandani bila kujilaumu, maana lita ya mafuta kwa sahani moja hailipi. Familia ya watu wanne ikaange nyumbani, mradi mafuta yatumike tena: yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa, yafunike, yawekwe mbali na jua. Yakishakuwa meusi, yakitoa povu linalokaa juu au kufuka moshi kabla hayajapata moto vizuri, yamwage.

Nyama choma inalipa nyumbani kuanzia kilo mbili kwenda juu, kwa sababu mkaa wa kuchomea kilo moja ya nyama na wa kuchomea kilo mbili unakaribiana. Kitimoto inalipa nyumbani karibu kila mara. Supu ya makongoro nunueni.

Hamjambo. Nikienda Kenyatta Market nyama ya mbuzi inatoka laini na ina moshi kwa mbali. Nyumbani ninaichoma inakuwa nyeusi nje, na nikikata ndani ni damu. Nikiiacha zaidi inakauka kabisa. Nifanye nini?
*Msomaji, Nairobi*

Hatujambo. Unachomea juu ya moto, wakati nyama ya mbuzi inataka kuchomewa kando ya moto. Tuanze buchani lakini. Chukua mbavu au paja la mbuzi mdogo, lenye mfupa na mafuta yanayoonekana. Nyama iliyochinjwa asubuhi hiyo ikipikwa mchana huwa ngumu, kwa kuwa misuli hukakamaa saa chache baada ya kuchinja. Ikilala usiku mmoja kwenye friji inalegea. Usiikate vipande vidogo. Viache vya nusu kilo au zaidi, utakata baada ya kuiva.

Kwa kilo mbili andaa mkaa wa kilo moja na nusu hadi mbili. Usiuwashe kwa mafuta ya taa, harufu yake inahamia kwenye nyama. Subiri nusu saa hivi mpaka mkaa wote uvae majivu meupe. Weka kiganja usawa wa wavu: ukivumilia sekunde 5 au 6 moto uko tayari, ukishindwa kufika sekunde 3 bado ni mkali. Kisha usukume mkaa wote upande mmoja wa jiko.

Nyama ianze upande usio na mkaa, mfupa ukitazama chini. Ifunike kwa sufuria kubwa ili joto lizunguke. Geuza kila dakika 10, kwa dakika 40 kwa mbavu na saa moja au zaidi kidogo kwa paja. Hapo ndipo mafuta yanayeyuka taratibu na moshi ule wa mbali unaingia. Mwishoni ihamishie juu ya mkaa dakika 8 hadi 10, upate ngozi kavu inayolia ikikatwa.

Mafuta yakidondoka moto ukalipuka, sogeza nyama. Usimwagie mkaa maji, majivu yataruka na kutua kwenye chakula. Chumvi iyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita, unyunyizie robo saa ya mwisho. Ukimaliza iache dakika 10 kabla ya kuikata kwenye ubao, vinginevyo maji yake yote yatabaki ubaoni. Imeiva kama ukichoma kisu karibu na mfupa maji yanatoka meupe.

Nyama ikichomwa vizuri hupoteza karibu theluthi ya uzito, na bado kuna mifupa. Kwa hiyo watu wanne wanaokula na ugali waagize kilo mbili mbichi. Ukiwa baa, chagua nyama mwenyewe na ipimwe mbele yako kabla ya kupelekwa motoni.

Na tafadhali, mvua ikinyesha usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua.

Mke wangu amekataa kitimoto ya baa, anaogopa minyoo. Amekubali tupike nyumbani. Je, hofu yake ina msingi? Tunaomba na vipimo.
*Msomaji, Moshi*

Ina msingi, tena mkubwa. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na malengelenge ya tegu, vijipunje vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere ndani ya mnofu. Ukivila vikiwa hai unapata tegu tumboni. Kuna hatari ya pili ambayo watu wengi hawaifahamu: mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo. Yakiingia mdomoni kupitia mikono michafu au mboga mbichi, malengelenge yanaweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo nyama yenyewe inaweza kuwa imeiva sawasawa, na hatari ikawa kwenye kachumbari iliyo pembeni yake. Osheni nyanya na vitunguu kwa maji safi yanayotiririka, na mikono kwa sabuni.

Nunueni nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Mkiona vijipunje hivyo, msiichukue hata kwa bei ya kutupa. Wala nyama kuganda kwenye friza ya nyumbani kusiwe sababu ya kuipika juujuu.

Vipimo ni hivi. Nyama kilo moja yenye mafuta yake, vipande vya sentimita 3. Ndimu mbili, tangawizi iliyosagwa kijiko kimoja cha chakula, punje sita za kitunguu saumu, chumvi kijiko kimoja cha chai. Changanya, acha nusu saa. Weka kwenye sufuria na maji nusu kikombe, funika, moto wa wastani kwa dakika 35. Funua, acha maji yakauke. Utasikia sauti inabadilika kutoka kuchemka hadi kukaangika: nyama sasa iko kwenye mafuta yake yenyewe. Usiongeze mafuta mengine. Geuza dakika 10 hadi 15 mpaka ipate rangi, punguza mafuta yabaki vijiko vitatu, ndipo uweke vitunguu viwili, karoti mbili na pilipili hoho moja, pamoja na kijiko kimoja cha soya sosi. Dakika 4, epua. Mboga zikitangulia zinatoa maji na nyama haikaangiki tena. Kata kipande kinene kuliko vyote: kikiwa na wekundu ndani, rudisha motoni.

Siku mkiwa baa, agizeni iliyokatwa ndogondogo na kukaushwa, na msione haya kuirudisha jikoni ikiwa bado nyekundu.

Kwa nini mnasema supu ya makongoro tununue? Yangu inatoka nyeupe na ina harufu.
*Msomaji, Mwanza*

Kwa sababu inakula saa 3 hadi 4 za moto, na sufuria kubwa ya baa inayochemka tangu usiku inatoa supu nzito kuliko miguu miwili ya nyumbani. Ukiwa na sufuria ya presha hesabu inabadilika: saa moja na robo inatosha.

Harufu inatokana na maandalizi. Babua kongoro juu ya moto mpaka manyoya yaishe, kwangua kwa kisu, sugua kwa chumvi. Chemsha dakika 10, mwaga maji hayo yote, osha tena, kisha anza upya na maji safi, tangawizi na kitunguu. Povu la mwanzo litoe kwa upawa. Chumvi weka mwishoni, maana maji yanapungua sana na supu inaweza kuzidi chumvi. Ndimu ikamuliwe kwenye bakuli, isichemshwe.

Niliambiwa papai bichi linalainisha mishkaki. Nimelitia, nyama imekuwa uji inaanguka kwenye vijiti!
*Msomaji, Tanga*

Ushauri ulikuwa sahihi, kipimo ndicho kilichozidi. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachovunjavunja nyama, na hakisimami mpaka kipate joto kali. Kwa kilo moja ya mnofu, kijiko kimoja cha chakula cha papai bichi lililosagwa kinatosha, na muda usizidi saa moja. Ukitaka kuilaza nyama kwenye viungo usiku kucha, tumia tangawizi kidogo, saumu na mafuta, papai liingie saa ya mwisho. Ndimu nayo iwe ya mwisho.

Kata vipande vya sentimita 2 hadi 3, weka kipande cha mafuta kila baada ya minofu miwili mitatu, na vijiti vya mti viloweke nusu saa visiungue. Mishkaki, tofauti na mbavu za mbuzi, inataka moto mkali wa moja kwa moja: dakika 8 hadi 10, ukigeuza mara kwa mara. Usivibane vipande vikagusana sana, katikati havitaiva.