Nani kakwambia kufuli ni lazima?

Mleta uzi, futa leo leo huo mpango wa kumlipa fundi akufungie kitabu chako. Umeuliza kama maduka ya vitabu vya mtandaoni yanalazimisha kufuli la DRM, yaani ulinzi wa kidijitali unaozuia kitabu kunakiliwa ovyo. Hayalazimishi! Amazon, Kobo na Google Play wanakuachia wewe mwenye kitabu uchague. Duka la Smashwords ndiyo kabisa, hawaweki. Wanaong'ang'ania ni baadhi ya wachapishaji wakubwa, na hata huko Tor Books wa Marekani waliachana nalo tangu 2012, na wanauza mpaka leo.

Mimi niliapiwa kwamba ni lazima. Jamaa mmoja hapa Dodoma, tai shingoni, laptopu begani, akaninywea soda yangu pale Nyerere Square huku akisema bila kufuli hakuna duka litakalokigusa kitabu changu cha kilimo cha zabibu. Nikamlipa. Hela ya mavuno ya Hombolo hiyo, si ya kuokota. Akakifunga kweli: mnunuzi apakue programu, afungue akaunti, kisha kitabu kifunguke kwenye simu moja tu.

Sasa mzee wa Mpunguzi, simu imejaa picha za wajukuu, ataipakua wapi hiyo programu? Mmoja alinipigia: "Mwanangu, kinataka nywila. Niweke ile ya M-Pesa?" Nilipiga kelele mpaka wateja wa mgahawa wakageuka. Aliyebadilisha simu, kitabu kwaheri. Nikawa huduma kwa wateja bila mshahara, narudisha hela za watu na makato ya kutuma juu yangu.

Wezi je? Hata hawakuhangaika na programu. Walipiga picha kioo cha simu, ukurasa kwa ukurasa, pengine na kidole gumba kinaonekana, wakamwaga WhatsApp. Nikaletewa mwenyewe kwenye grupu la wakulima: "Wadau, someni hii, ni ya bure." Nikajibu ahsante. Ungefanyaje?

Kufuli linamfungia nje aliyelipa, basi. Ukiogopa sana, chapa jina la mnunuzi kwenye nakala yake, aone aibu kuisambaza. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu 2019, vitabu vya wateja vilizimika kwa sababu ya kufuli hilohilo, ikabidi wawarudishie fedha. Wao wanazo. Wewe fundi wako akizima seva, ile kompyuta yake inayofungulia vitabu, utarudisha kwa hela ipi?

Hebu njoo PM uniambie amekutajia bei gani. Nina wasiwasi ni yuleyule.