Unaanza kuchambua mawimbi ya moyo? Jua kwanza namba zake zilikotoka

Mwanafunzi anayeingia kwenye utambuzi wa ruwaza katika mawimbi ya mwili hukabidhiwa mapema vitu viwili: data ya MIT-BIH, yaani rekodi za umeme wa moyo ambazo madaktari wameweka alama kwenye kila pigo, na algorithimu ya Pan na Tompkins, inayotafuta mapigo hayo. Vyote ni vya zamani, na karibu kila namba iliyomo ina sababu yake. Ukibeba namba ukaiacha sababu, programu itaenda bila kulalamika na kukupa majibu mabovu.

Anza na data. Rekodi zilichukuliwa Beth Israel Hospital, Boston, kati ya 1975 na 1979, zikaanza kusambazwa 1980: vipande 48 vya nusu saa, chaneli mbili, sampuli 360 kwa sekunde. Kwa nini 360? Umeme wa Marekani una 60 Hz (mizunguko 60 kwa sekunde), na 360 ni mara sita ya hiyo, kwa hiyo kichujio cha kuondoa mvumo wa umeme kilikuwa rahisi kuandika. Gridi ya Tanzania, Kenya na Uganda ni 50 Hz. Ukiweka kichujio kilekile kwenye rekodi iliyochukuliwa Dodoma, mvumo unabaki palepale.

Vipande hivyo navyo havikuokotwa kwa namna moja. Vile 23 vya namba za mia moja vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Vile 25 vya mia mbili vilichaguliwa kwa makusudi ili kupata hitilafu za mapigo zisizo za kawaida. Basi usitumie data hii kukadiria hitilafu fulani imeenea kiasi gani kwa watu. Rekodi 201 na 202 ni za mtu mmoja. Rekodi 102, 104, 107 na 217 ni za wagonjwa wenye betri ya moyo, na kwa desturi huondolewa wakati wa kupima algorithimu.

Sasa algorithimu yenyewe. Jiapu Pan na Willis Tompkins wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliichapisha 1985, wakiiendesha kwenye Z80, prosesa ndogo ya zama hizo. Ndiyo maana vichujio vyake vinatumia namba kamili tu. Hatua ni hizi: chuja ubaki na takriban 5 hadi 12 Hz, tafuta mteremko, zidisha kila thamani kwa yenyewe, kisha chukua wastani kwenye dirisha linalosogea la milisekunde 150. Pigo likishapatikana, puuza lolote ndani ya milisekunde 200. Kilele kikija kabla ya milisekunde 360, linganisha mteremko wake na wa pigo lililotangulia. Usipofika nusu, hilo si pigo jipya bali ni wimbi la T, lile linalofuata baada ya kila pigo.

Hapa ndipo wengi huteleza. Vichujio vile viliandikwa kwa sampuli 200 kwa sekunde. Ukivinakili vilivyo kwenye data ya 360, masafa yote yanapanda mara 1.8, na dirisha la sampuli 30 linakuwa milisekunde 83 badala ya 150. Dirisha jembamba hivyo hutoa vilele viwili au vitatu kwa pigo moja pana. Kwa 360 unahitaji sampuli 54. Usilipanue kupita kiasi pia, maana QRS (wimbi kali la pigo lenyewe) na T zitaungana. Kumbuka vilevile kwamba kila kichujio huchelewesha wimbi. Rudisha ucheleweshaji huo kabla ya kulinganisha na alama za madaktari, la sivyo mapigo uliyoyapata vizuri yatahesabiwa kuwa umeyakosa.

Ukifika kwenye kuainisha mapigo, usichanganye mapigo ya mgonjwa mmoja kwenye mafunzo na majaribio. Matokeo ya asilimia 99 yanayotokana na mchanganyiko huo hayana thamani kubwa: modeli imejifunza mtu, haijajifunza ugonjwa. Mgawanyo uliozoeleka tangu kazi ya de Chazal na wenzake ya 2004 ni rekodi 22 kwa 22, wagonjwa tofauti isipokuwa yule mmoja wa rekodi 201 na 202. Tena, karibu mapigo 9 kati ya 10 yako kwenye kundi la kawaida, kwa hiyo modeli inayosema "kawaida" kila mara hupata takriban asilimia 90 bila kujua lolote. Toa unyeti (sehemu ya mapigo ya kundi iliyotambuliwa) kwa kila kundi peke yake, pamoja na idadi ya mapigo yaliyowekwa humo kimakosa.

Na kabla ya kuendesha chochote, fungua faili la maelezo la kila rekodi. Usidhani chaneli ya kwanza ni ileile kote: kwenye rekodi 114 chaneli mbili zimegeuzwa, na 102 na 104 hazina kabisa MLII, chaneli inayotangulia kwenye rekodi nyingi.