Kabla hujajaza fomu ya tuzo, rudi kwenye jengo

Mara ya kwanza nilipowania tuzo ya usanifu majengo nilipeleka picha 14, zote safi kama za kalenda. Ilikuwa ofisi ya ghorofa moja hapa Dar es Salaam: ukumbi wa mapokezi, dari la jipsamu lenye taa zilizofichwa, kaunta ya mninga iliyong'arishwa mpaka unajiona. Tulipiga picha siku ya Jumapili ili watu wasiwepo. Tuliondoa ndoo ya kudekia, viti vya plastiki vya wageni, na feni ndogo ya mezani ya dada wa mapokezi.

Miezi mitatu baadaye ikaja barua pepe ya kushukuru kwa ushiriki. Chini yake jaji mmoja alikuwa ameongeza mstari mmoja: "Hatukuona jengo hili linavyotumika."

Niliumia, nikakasirika, na siku kadhaa sikutaka hata kuifungua kompyuta. Kilichonirudisha ni ile feni. Dada yule hakuileta kwa mapambo. Ukumbi wangu ulikuwa na joto, kwa sababu nilichora kioo kizima kisichofunguka upande wa magharibi, ambako jua la alasiri linapiga moja kwa moja. Picha ziliificha feni, lakini ramani iliionyesha magharibi iko wapi, na jaji anayejua kusoma ramani hahitaji kuambiwa zaidi.

Tangu siku hiyo ushauri wangu kwa vijana wanaoniletea fomu zao nizipitie umekuwa mmoja: rudi kwenye jengo kwanza. Tuzo zenye uzito hazimpimi msanifu, zinalipima jengo likiwa na watu ndani.

Angalia Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kutolewa kila baada ya miaka mitatu. Wengi wanaikumbuka kwa fungu lake la dola milioni 1 za Marekani wanazogawana washindi. Mimi ninachokithamini ni utaratibu. Jengo liwe limeshatumika, si lile ambalo rangi bado inanuka. Miradi ikishachujwa, wataalamu hufunga safari hadi lilipo kila jengo, wakalikagua na kuzungumza na wanaolitumia, kisha wakawapelekea majaji ripoti. Na tuzo ikitoka haimwendei msanifu peke yake. Mwenye mradi, mhandisi, mjenzi na fundi stadi nao hutambuliwa.

Ndiyo njia iliyompitisha msanifu majengo Francis Kéré mwaka 2004 kwa shule ya msingi ya Gando, kijijini kwao Burkina Faso. Alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipoanza kuchangisha fedha za kuijenga. Kuta ni za matofali ya udongo, na paa la bati limeinuliwa juu ya dari kwa vyuma vyembamba ili hewa ipite katikati na joto la bati lisishuke kwa watoto. Wanakijiji walishiriki kuijenga, wanawake wakichota maji na watoto wakibeba mawe. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ungekijua kwa kutazama picha ya mbele tu. Miaka 18 baadaye, mwaka 2022, akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa kuwa heshima ya juu kabisa kwa wasanifu majengo duniani. Ukitaka kuona mawazo yake karibu na kwetu, yapo Turkana, Kenya, kwenye kampasi ya Startup Lions, ya mafunzo ya teknolojia ya habari, iliyokamilika mwaka 2021. Minara yake imeinuka kama vichuguu, na kazi yake ni kuvuta hewa ya moto itoke juu.

Mradi wangu wa pili ulikuwa mdogo mno: maktaba ya chumba kimoja kwenye shule ya msingi wilayani Mkuranga. Matofali ya udongo na saruji yalifyatuliwa hapo hapo uwanjani. Ukuta mmoja una matundu ya hewa kuanzia usawa wa kifua, na chini yake kuna baraza ndefu ya kukalia watoto wakisoma. Safari hii nilianza kazi ya tuzo siku ya ufunguzi, ingawa sikuwa hata nimechagua tuzo ya kuwania. Nilinunua vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja nikakitundika ndani, kingine nje kivulini, nikamwachia mwalimu wa maktaba daftari la kurasa 200. Kila siku saa 8 mchana anaandika namba mbili. Mwezi Machi, joto lilipokuwa kali, kuna siku nje ilisoma nyuzi 33 na ndani 29. Ukurasa huo wenye mwandiko wa mwalimu ndio niliouambatanisha, ukiwa na alama ya kidole chenye vumbi la chaki pembeni.

Niliandika pia kilichoharibika. Mvua za masika zilipoanza na upepo wa kusi, maji yaliingia kwenye matundu, na rafu ya chini ya vitabu ililowa. Tukarefusha upenu kwa nusu mita. Rafiki yangu wa kazi alinisihi nilifute jambo hilo kwenye fomu, akiona nitajichongea. Nililibakiza, nikaweka na mchoro wa kabla na baada. Tulipata nafasi ya pili katika kundi la majengo madogo, na majaji waliponipigia simu, muda mrefu zaidi waliutumia kuniuliza kuhusu ule upenu.

Kwa wenzangu wa ubunifu wa mambo ya ndani, mambo ni yale yale ila kwa karibu zaidi. Mtafute anayedeki. Yeye ndiye anayejua kona ipi haifikiki kwa ufagio, kitambaa kipi kimeanza kutoa nyuzi, swichi ipi kila mtu huipapasa gizani. Ukiweka zidaka, yaani vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, kama za nyumba za zamani za Lamu, eleza leo zinabeba nini. Zikibeba maua ya plastiki tu, majaji wataona pambo lisilo na kazi. Na kama mlango umechongwa kwa mkono, jina la mchongaji liandikwe kwenye fomu, si "fundi wa mtaani". Hili naliona kila mara na linanichoma: mtu ameinama wiki sita juu ya mbao, halafu anapotea kwenye karatasi.

Kuna barua pepe nyingine utakazopata ukishaanza kujulikana. Zinasema umeshinda tuzo ambayo hukuomba, tena kwa mradi ambao huenda hata hujaukamilisha, na ili upewe sanamu yako ulipie sanamu, meza ya chakula cha jioni na ukurasa kwenye jarida lao. Usilipe. Ada ya kushiriki yenyewe si dalili mbaya, maana tuzo nyingi za heshima hutoza. Uliza majaji ni nani kwa majina, wanaona nini zaidi ya picha, na washindi ni wangapi. Kwenye Tamasha la Dunia la Usanifu Majengo, kwa mfano, linalofanyika tangu mwaka 2008, wabunifu waliopita kwenye mchujo husimama mbele ya majaji kuutetea mradi wao ana kwa ana na kuulizwa maswali. Tuzo yenye washindi 200 na jopo lisilotajwa inauza vyeti.

Picha, basi. Mpeleke mpiga picha siku ya kazi, saa ambayo jengo limejaa, na umwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi. Bora ruhusa hiyo iwe kwenye mkataba tangu mwanzo, kwa sababu nimewahi kukosa mradi mzuri kwa mwenye jengo kukataa dakika za mwisho. Wazazi wa watoto nao waombwe. Acha feni, ndoo na viatu mlangoni vionekane. Maelezo yawe mafupi: palikuwa na shida gani, mlifanya nini, ilisaidia kiasi gani. Mpe mtu asiye wa fani ayasome, mama yako au jirani. Akikwama kwenye sentensi, iandike upya.

Cheti chetu kilikuja kikiwa na jina la ofisi yangu peke yake. Niliwaandikia waandaaji kuomba jina la fundi mkuu na la shule yaongezwe, na wiki mbili baadaye wakatuma kipya. Nilitoa nakala mbili. Ya fundi iko karakana kwake. Ya shule imetundikwa ndani ya maktaba, karibu na kipimajoto, juu ya daftari ambalo sasa wanafunzi wa darasa la sita ndio wanaolijaza.