Seli mbili hazifufui betri

SWALI: Fundi, nina Toyota Aqua ya 2013, gari la haibridi linalotumia petroli na umeme. Taa ya pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi na nguvu imepungua. Fundi wa hapa Mafinga anasema seli mbili za betri kubwa ya haibridi zimekufa, azibadilishe kwa bei ndogo nitembelee miaka mitano. Betri nzima ni mamilioni. Nifanyeje? Mwalimu, Mafinga.

JIBU: Mwalimu, hiyo miaka mitano kaitoa wapi?

Anachoita seli ni moduli, yaani kifurushi cha seli kadhaa. Aqua yako ina 20, kila moja volti 7.2, zimeungwa mfululizo hadi volti 144. Umeme uleule unapita kwenye zote, kwa hiyo iliyochoka inaisha mapema na kuwaburuta wenzake. Ukichomeka mbili zenye nguvu kati ya 18 zilizozeeka pamoja tangu Japani, ya tatu nayo iko njiani. Utarudi, utalipa tena.

Juzi nimefungua moja hapa Mwanjelwa, imeshaguswa mara tatu. Vibati vya shaba vinavyounganisha moduli vimeota kutu ya kijani, feni ya kupozea imezibwa na vumbi na makapi ya mpunga. Mafundi watatu, hakuna hata mmoja aliyeisafisha feni! Joto ndilo linaloua betri hizi, na baridi yetu ya Mbeya haisaidii kitu kama hewa haiingii. Pandisha mlima Kitonga na familia nzima, tundu la hewa la kiti cha nyuma umelizibia na mabegi, uone.

Betri mpya ndiyo ghali, ila ikitunzwa hufika miaka kumi, nyingine huzidi. Ya mtumba ni nafuu, lakini kutoa ya 2013 ukaweka ya 2012 ni kubadilisha mzee kwa mzee. Uliza mwaka wake, kisha ipimwe moduli moja moja ikiwa na mzigo, yaani ikiwa inatoa umeme. Betri chovu ikilala mezani husoma volti nzuri tu, na hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Wanaokufutia taa kwa mashine wakimbie kabisa. Itawaka tena hujafika Makambako.

Na anayefungua betri hiyo aanze kwa kuvaa glavu za umeme, achomoe plagi ya usalama, kisha asubiri dakika kumi. Nyaya za rangi ya chungwa zinaua. Kijana akikujia na spana na kandambili, mpe nauli arudi kwao.